Dosye yako inalala wapi? Etajere za reli na grefe ya tribunali

Mufanyakazi wa kampani akishinda kesi, watu wa avenue wanasema kesi iliisha. Juji alisoma hukumu, avoka alimupa mukono, ku nyumba walichinja kuku. Lakini ku tribunali kesi haiishi siku ile. Inageuka karatasi, na ile karatasi inapaswa kukaa fasi kavu, fasi yenye kujulikana, miaka kumi, makumi mbili, pengine kupita maisha ya yule mwenye alishinda. Juu ya ile fasi njo tunataka kuzungumza leo, na juu ya aina moja ya etajere yenye watu wa Shituru wataielewa mbio kuliko wengine, sababu inatembea ku reli.

Kwanza tuelewane juu ya karatasi yenyewe. Ku grefe wanachunga hukumu ya asili, ile yenye iko na sahihi ya wajuji na ya grefye. Inaitwa « minute ». Haitoki. Ile unapewa weye ni kopye yake yenye kupigwa kashe: « expédition », ao « grosse » kama juu yake kuko maneno ya kuamuru hukumu itimizwe kwa nguvu. Kopye yako ikiungua mu nyumba, ao mvua ikiilowanisha, unarudi ku grefe na namba, unalipa, wanakutolea ingine. Minute ikipotea, hakuna tena mama wa kuzaa mutoto. Utaeleza, utaapa, utaleta washahidi, na ule mwenye ulishinda zamani atakuwa anacheka pembeni.

Mu Likasi haya haiko maneno ya wasomi. Mu 2003 na 2004 Gécamines iliachisha wafanyakazi 10 655 mu ule mpango wa « départs volontaires », na makuta ya Banque mondiale. Kisha pale, mikanda na malalamiko vilifuatana miaka na miaka, juu ya wengi wanasema hesabu yao haikufanywa vizuri. Mu kesi ya namna ile kila neno linasimama juu ya karatasi: siku ya kuingia kazi, namba ya matrikile, kategoria, fishi za mushahara. Wengi wa wale wazee walikwisha kufa. Wenye wanafuata leo ni wajane na watoto. Na mujane, muulize bwana yake aliingia kazi mwaka gani: atakuambia alikuwa ku elektrolize, alikuwa anarudia asubui na harufu ya asidi mu nguo. Ile haiandikwe mu hukumu.

Kuko tena kesi za parseli, penye watu wawili wanashika kila mumoja mukanda wa kuuzisha. Kuko wale wenye walifungwa na wakaachiliwa, wanatafuta karatasi ya kuonyesha kama hawana deni na Leta. Na kuko watoto. Tangu sheria ya familia ilibadilishwa mu 2016, muzazi iko na siku 90 za kuandikisha mutoto ku état civil. Zikipita, inaomba hukumu ya tribunali, ile yenye kila mutu anaita « supplétif ». Jamaa ngapi mu Shituru, mu Kikula, mu Panda zilipitia pale sababu baba alikuwa ku mine wakati mutoto alizaliwa? Kila supplétif ni dosye moja zaidi juu ya etajere.

Na dosye hazipunguke. Hapo njo shida inaanzia. Kila kesi inapata namba mu kitabu kikubwa: RC kwa mambo ya raia, RP kwa makosa, RMP kwa parke. Mu dosye moja kuko mashtaki, karatasi za mashahidi, majibu ya avoka, karatasi za kila siku ya kusikilizwa, na hukumu. Mutu akikata rufaa, dosye inapanda mu gari mpaka Lubumbashi, kilometre karibu 120, na siku inarudi inapaswa kukuta fasi yake bado wazi. Mu magrefe mingi ya Congo mutu mwenye aliingia anajua vile inakuwa: kabati zimejaa, dosye ziko juu ya kabati, kisha juu ya meza, kisha chini, zimefungwa na kamba, vumbi juu. Grefye wa zamani anajua mu kichwa yake kila dosye iko wapi. Siku anaenda pansiyo, ile akili inaenda naye.

Sasa etajere. Ingia mu chumba cha etajere za kawaida na uangalie chini: nusu ya chumba ni njia ya kupita. Kila safu mbili ziko na njia katikati, na saa yote ile njia iko bure, sababu mutu ni mumoja na hawezi kusimama mu njia ine pamoja. Wenye walitengeneza etajere za kutembea walijiuliza neno moja tu: kwa nini tusiwe na njia moja yenye inahama? Basi waliweka safu za etajere juu ya wago fupi zenye magurudumu ya chuma, wago juu ya reli zenye kufichwa mu sima. Safu zinasukumwa zinabanana kama wago za treni ku gare. Ukitaka dosye ya safu ya tano, unazungusha volani yenye iko ku kichwa ya safu, mnyororo na meno ya chuma vinapunguza uzito, na tani za karatasi zinatembea polepole kwa nguvu ya mukono mumoja. Njia inafunguka pale unataka. Kwingine inafungika.

Haiko kitu kipya. Mu mwaka wa 1887 maktaba ya British Museum, mu London, ilikuwa tayari na kabati za vitabu zenye kuning'inizwa na kuvutwa, sababu nafasi iliwaishia. Etajere ya wago ku reli, vile tunaijua leo, inatoka Uswisi, kwa Hans Ingold, mu miaka ya 1940. Jina alilipa, Compactus, lingali linatumiwa mu inchi mingi kama vile sisi tunaita kila sabuni ya unga kwa jina la ile ya kwanza. Na mutu mwenye alifanya kazi ku sale ya elektrolize ya Shituru alikwisha kuona akili ile ile kwa namna ingine: mabaki yamepangwa karibu karibu, hakuna njia pana katikati, juu ya cathode zinatolewa kwa juu na pont roulant. Nafasi inapatikana kwa kuondoa njia.

Tufanye hesabu. Chumba cha urefu wa metre 6,40. Etajere za kawaida, kila upande wa etajere unakula sentimetre 40, njia sentimetre 80: unaingiza pande 8 na njia 4. Ukiweka za reli, unaacha njia moja tu, na pande zinafika 14. Kama kila upande iko na metre 4 ya urefu na mbao 6 kwa kupanda, unatoka metre 192 za dosye unafika metre 336. Chumba ni kile kile, ukuta haukubomolewa.

Pale wauzishaji wanasimama, na pale sisi tunaanza. Twaa rame moja ya karatasi A4 ya gramu 80. Karatasi 500, unene sentimetre 5, uzito kilo 2 na nusu. Simamisha rame 20 moja kando ya ingine: ni metre moja, ni kilo 50. Zidisha kwa 336. Ni kilo 16 800, bila kuhesabu chuma cha etajere zenyewe. Lori nzima ya minerai, mu chumba kimoja cha biro. Kwa kweli dosye hazibanwe kama rame mupya, zinaacha hewa katikati, lakini mutu wa kujenga hapime kwa dosye nyepesi, anapima kwa siku etajere zitajaa kabisa. Mu hesabu yetu ni kilo 650 na zaidi ku kila metre ya eneo. Sakafu ya biro ya kawaida ku étage inahesabiwa kilo 250. Mu Ufaransa, wakubwa wa archives wanaomba sakafu ya kubeba kilo 900 ku metre kwa etajere zenye kusimama, na 1 300 kwa zile za kutembea. Kwa hiyo neno la kwanza ni hili: etajere za reli zinakaa chini, juu ya udongo wenye kupigwa vizuri na sima yenye chuma. Mutu akikuambia ataziweka ku étage ya nyumba ya wakoloni, muulize nani alipima.

Lakini chini nako kuko adui. Katanga ni inchi ya vichuguu. Kuko vyenye vinapita nyumba kwa urefu. Muchwa anapenda karatasi kuliko mbao, na anaingia kwa ufa mudogo wa sakafu, mu giza, mu ukimya, njo vile vile chumba cha archives kiko. Etajere za reli zinamusaidia, sababu safu zenye kubanana zinaweza kukaa miezi bila mutu kuzifungua. Mvua ya mwezi wa 11 mpaka wa 4 inaleta unyevu, na kati ya safu zenye kubanana hewa haipite. Kuvu inaanza ku mugongo wa dosye. Dawa haina bei kubwa: chuma badala ya mbao, ubao wa kwanza juu ya sakafu sentimetre kama 15, bati yenye haivuje, na jioni, mbele ya kufunga mulango, grefye anaachanisha safu kidogo kidogo ili hewa ipite. Kidogo tu. Lakini kila jioni.

Shituru iko na neno yake ingine. Wenye wanakaa karibu na izine hawangoje daktari awaambie moshi wa sulfure ni kitu gani; wanausikia mu koo, wanauona ku bati. Karatasi nayo inavuta ile moshi. Inageuka ndani yake asidi, na miaka ikipita karatasi inakuwa ya manjano, kisha inavunjika ku mukunjo kama jani kavu. Ukichunga dosye mu Likasi, dirisha za kufungwa vizuri na masanduku ya kartoni yenye kifuniko vinafaa kuliko etajere ya bei. Mwenye hakubali, aangalie magazeti ya baba yake.

Hata wenye makuta walikutana na shida ya hewa. Mu Arusha, Tanzania, Umoja wa Mataifa ulijenga ku Lakilaki nyumba mupya kwa kazi zenye zilibaki kisha tribunali ya Rwanda, ile yenye iliundwa mwezi wa 11 ya 1994 na ikafungwa mwisho wa 2015. Nyumba ilifunguliwa mu mwezi wa 11 ya 2016, na moja ya majengo yake ni ya archives tu: karatasi, kasete, video, vyote vya kesi za jenosidi. Kisha kufungua, maneno ya nafasi haikukuwa tena. Ilikuwa maneno ya mashini za hewa na za baridi mu jengo la archives, zikaomba kutengenezwa tena. Kule kuko bajeti na mainjinia wa dunia nzima. Grefe ya muji wa mine iko na dirisha na mikono ya grefye.

Na kuko neno la utaratibu. Mwenye kuweka fujo mu etajere za reli anapata fujo yenye kubanwa. Mbele ya kuleta hata reli moja, inaomba watu wawili ao watatu wakae chini miezi, waondoe dosye mu kamba, wasafishe, wasome namba, waandike mu kitabu: RC ngapi, mwaka gani, safu gani, ubao gani. Ile kazi haipigiwe foto. Hakuna mukubwa atakata ribo juu yake. Tena mbele ya watu wa mine tunaweza kusema wazi: kesi zenye zingali zinasikilizwa zisiwekwe ku reli. Njia ni moja. Grefye mumoja akiwa ndani ya safu ya pili, mwenzake wa safu ya tisa anangoja, avoka anangoja, na mama mwenye alipanda moto kutoka Kambove anangoja. Dosye za kila siku zikae ku etajere za kawaida, wazi, karibu na mulango. Reli ni ya zile zenye ziliisha, zenye zinaombwa mara moja ku mwaka, lakini siku ile zinaombwa zinapaswa kupatikana.

Juu ya usalama hatutafundisha mufanyakazi wa izine. Mutu akiwa mu njia, na mwenzake hamuone, anazungusha volani: safu ya tani mbili inamukuta mu kifua. Etajere nzuri iko na loki ku volani. Mwenye anaingia anafunga loki kwanza, vile vile umemistri anaweka kadena yake ku kofre mbele ya kugusa waya, na hakuna mwingine anaitoa isipokuwa yeye.

Utasikia mutu anasema: tutie yote mu ordinatere, biashara imekwisha. Kupiga foto dosye ni vizuri, inapunguza kushika-shika karatasi ya zamani. Lakini mu Likasi umeme unaenda na kurudia vile unapenda, mashini inazeeka mu miaka tano, na mbele ya juji ile yenye kuwa na nguvu ni minute yenye sahihi. Foto inakuonyesha karatasi iko namna gani. Haichukue fasi yake.

Na hii haiko ya grefe peke yake. Tangu 1978 Congo iko na sheria yake ya archives, ya tarehe 11 mwezi wa 7, yenye inasema karatasi za Leta ni mali ya wote na haziharibiwe ovyo. Sisi hapa tunajua bei ya kuchunga mbali. Mu mwezi wa 12 ya 1941 wafanyakazi wa Union Minière walisimamisha kazi, hapa Shituru na Panda, kisha Élisabethville, na basoda wakapiga masasi. Wazee walisimulia, lakini wazee wanakufa. Yale kampani yenyewe iliandika mu miaka yake, sehemu kubwa ilichungwa Brussels, mu archives za Leta ya Ubelgiji, safi, kwa namba, mu masanduku. Mujukuu wa Shituru mwenye anataka kuisoma anaanza na kuomba viza.

Kwa hiyo kama siku moja kutakuwa makuta ya etajere za reli kwa tribunali ya muji wetu, tuko na pendekezo. Zisinunuliwe zote Ulaya. Ateliers centraux ya Panda ilijengwa ili chuma cha mashini za kampani kisiende kutengenezwa mbali. Mu Likasi kungali watu wa kusudura, watu wa tour, watoto wao wenye walijifunza mukononi mwao. Wago ya etajere ni fer en U, magurudumu, essieu, mnyororo. Rulema itanunuliwa, hatusemi uongo. Lakini kazi ngumu ni ya reli: inapaswa kulala sawa sawa kutoka ukuta mpaka ukuta, na nivo, hata milimetre mbili ni mingi. Reli ikiinama kidogo, safu yenye kujaa inashuka yenyewe usiku upande wa chini, inabana, na asubui volani haizunguke tena. Ile kazi watu wa Panda na wa njia ya treni wanaijua tangu babu zao.

Mpaka siku ile, angalia expédition yako ya zamani yenye iko mu sanduku, chini ya kitanda. Ku kichwa kuko herufi na namba: RC ao RP, kisha jina la tribunali, kisha tarehe ya hukumu. Ziandike fasi ingine, mu kitabu cha jamaa, ku mugongo wa foto ya ndoa, popote muchwa hafiki. Grefye mwenye kupewa namba na tarehe anatafuta ubao mumoja. Mwenye kupewa jina tu anatafuta chumba kizima.